Mahindi ya Ndalu na Bei ya Dunia

Kitale,
Jumatatu, 18 Novemba 2024

Kwa Mama Sellah Nekesa, Ndalu.

Mulembe, Mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na ng'ombe, kuku na wote wanaokula kwako. Sisi huku tu wazima. Phelista hajambo, na Jepkorir ameng'oka jino la mbele. Sasa akicheka anaziba mdomo kwa mkono.

Kwanza nakuomba msamaha kwa kukupigia simu Ijumaa. Phelista amenigombeza mpaka nikakosa mahali pa kukaa. Najua mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe, wala hampi mkono, lakini nilidhani simu si chumba. Sikufikiri kwamba sauti ikiingia sikioni iko karibu kuliko mtu aliyeketi kiti cha pili. Nimesikia uliitupa simu kwenye beseni la maharagwe ukakimbilia zizini, nami nikaendelea kuhutubia maharagwe dakika nne nzima. Hata kwetu Wakalenjin mama mkwe huheshimiwa kwa mbali, kwa hiyo sina cha kujitetea. Kuanzia leo nitaandika. Wabwile, yule anayeleta mayai Kitale kila Jumatatu kwa pikipiki, amekubali kutubebea barua.

Nililotaka kukuambia ni hili: uza mahindi, Mama, na uyauze sasa. Unajua tangu Juni nafanya kazi katika kinu cha unga, upande wa habari za soko. Kila asubuhi nasoma bei za nafaka za Chicago, Brazil, Ukraine na Afrika Kusini, halafu naandika ule ujumbe unaowafikia wakulima kwa simu. Mwaka huu Marekani wamevuna mpaka hawana pa kuweka. Brazil vilevile. Ukiibadilisha kwa shilingi, bei ya gunia la kilo tisini huko kwao haifiki elfu mbili. Kinu chetu kinanunua kwa elfu mbili mia nane. Si bei nzuri, najua, lakini kesho itakuwa mbaya zaidi. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Wewe una magunia sabini na manne. Akina mama wa kikundi chako cha wakulima ni arobaini na mmoja, na wote wanangoja neno lako. Phelista ameniambia kwa pamoja mna karibu mia sita. Ukisema uzeni, watauza, na hakuna atakayepata hasara. Nakuomba kama mwanao.

Mkwe wako,
Jotham Kipkosgei

———

Ndalu,
Jumatatu, 25 Novemba 2024

Mkwe wangu Jotham,

Chamgei. Umeona, hata mimi najua salamu zenu. Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linajua mvua kabla ya redio. Mwambie Jepkorir jino alitupe juu ya paa, asilitunze kwenye kibiriti kama mama yake alivyofanya.

Kuhusu simu, nimekusamehe. Maharagwe hayajasema kama yamekusamehe.

Kuhusu mahindi, sasa nisikilize. Mwaka ule vita vya Ukraine vilipoanza, tuliambiwa dunia imepanda. Gunia la mbolea likapanda mpaka elfu sita na mia tano. Niliuza ndama nikapanda ekari tatu badala ya tano. Nikauliza pale dukani, Ukraine iko upande gani wa Tongaren? Wakacheka. Haya. Leo unaniambia dunia imeshuka. Mbona unga dukani haujashuka? Mbona dizeli ya trekta haijashuka? Hii dunia yenu ikipanda inapitia kwangu, ikishuka pia inapitia kwangu, na siku zote inayemkanyaga ni mimi. Si inaweza kushukia kwa mwenye kinu hata mara moja?

Tena, hayo mahindi ya Marekani ni ya rangi gani? Usinijibu, najua. Ni ya manjano. Mwaka wa themanini na nne, wakati wa njaa, tuliyala. Nilikuwa msichana. Ugali wake ulikuwa na harufu ya gunia, na baba yangu alikula akiwa amefumba macho. Mwaka huu nimevuna mahindi meupe, makavu, ukiyamwaga kwenye debe yanalia. Sasa utachukuaje bei ya chakula cha ng'ombe wa Marekani uje unipimie nayo?

Na huyo mkulima wa Brazil, mwulize kitu kimoja kwa niaba yangu. Hata yeye kila asubuhi anatumiwa ujumbe kwamba Ndalu kumejaa mahindi, auze haraka? Kama anatumiwa, mwambie ni uongo, asiuze.

Unasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Tumbo ni langu na mahindi ni yangu. Nimeyaanika kwenye turubai wiki tatu, nimeyatia kwenye magunia yasiyopitisha hewa. Fukusi akiingia humo atakufa kabla hajanisalimia. Nitakaa nayo.

Sijakukasirikia. Nimekukatalia tu.

Mama mkwe wako,
Sellah Nekesa

———

Kitale,
Jumatatu, 9 Desemba 2024

Mama mpendwa,

Salamu kutoka kwetu, na pole kwa goti. Phelista anakutumia dawa ya kuchua na kilo mbili za sukari. Wabwile ameapa hataionja.

Barua yako nilimsomea Phelista, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka kidogo. Mama, ni kweli mahindi yao ni ya manjano. Lakini mwenye kiwanda cha chakula cha mifugo akipata ya manjano kwa bei rahisi, haji tena kununua yako meupe, na hapo wanunuzi wanapungua na bei inashuka. Maji ya mto mmoja yakipungua, hata kisima cha jirani kinajua. Mimi sikuvumbua haya, ndivyo soko linavyokwenda.

Kinachoninyima raha ni wale akina mama arobaini na mmoja. Wewe una ng'ombe, ukikosea utakunywa maziwa. Mama Judy ana watoto wanne shuleni na magunia kumi na matano tu. Bei ikianguka Januari, watakuja kusimama kwenye ua wako, si kwenye ua wa Marekani. Nawaza hilo hata nikiwa kazini.

Nina kazi moja ya ofisi ninayoomba unisaidie. Kinu kimetutuma tuwaulize wakulima maoni yao kuhusu hali ya nafaka duniani. Nimeambatisha fomu, maswali ni matano tu. Meneja wetu, Bwana Levi, anasema maoni ya mkulima ni muhimu kwake. Nikaona hakuna mkulima mwenye maoni mengi kuliko wewe.

Mkwe wako,
Jotham

———

Ndalu,
Jumatatu, 16 Desemba 2024

Mkwe wangu,

Amani iwe nanyi nyote. Sukari imefika, imepungua kidogo. Wabwile anasema ni mashimo ya barabara.

Fomu yako tuliijibu kwenye mkutano wa kikundi, Jumatano, sote tukiwa tumekaa tunapukuchua mahindi ya mbegu. Mimi nilisoma, wao wakajibu, na nimeandika walivyosema bila kupunguza.

Swali la kwanza: unatarajia bei ya mahindi duniani ipande, ishuke au ibaki ilivyo? Mama Judy akasema, "Andika hivi: sisi na dunia hatujaonana. Ikija Ndalu itupate hapa, tuongee bei."

Swali la pili: ni habari zipi za kimataifa zinazokufanya uuze? Wakajibu karo, mgonjwa, na mazishi. Mmoja akaongeza, "na bwana akitaka pikipiki."

La nne na la tano yanauliza kuhusu Bahari Nyeusi na hali ya hewa ya Argentina. Tuliyaacha wazi. Tuliwaombea mvua njema, basi.

Lakini la tatu, Jotham. La tatu linauliza: umebakiza magunia mangapi, na unatarajia kuyauza mwezi gani? Hapo kazi ilisimama. Mama Judy akaniuliza, "Si wamesema dunia imejaa mahindi? Ati sasa wanataka kujua yangu kumi na matano ya nini?"

Nikamwambia hivi: Mtu aliyeshiba haji kuchungulia sufuria ya jirani. Tumelijadili hilo mpaka jua likageuka, na hatukujaza la tatu. Badala yake tumeongeza la sita, letu, tumwulize Bwana Levi kwa kuwa maoni yetu ni muhimu kwake:

Ghala la kinu chenu lina mahindi ya kusaga siku ngapi?

Wewe unafanya kazi mlemle ndani, utakuwa unajua. Tunangoja jibu. Krismasi njema kwenu, na msisahau kanisa.

Mama mkwe wako,
Sellah Nekesa,
pamoja na akina mama wa kikundi

———

Ndalu,
Jumatatu, 20 Januari 2025

Jotham,

Natumai mko wazima. Nauliza kwa sababu sijui. Krismasi ilileta blanketi zuri jekundu, asante. Mwaka mpya ulileta picha ya Jepkorir akiwa na jino jipya. Barua haikuja. Wabwile amepita hapa Jumatatu tano bila barua, na ya mwisho alianza kunionea haya.

Basi nami sitazunguka. Januari imetukaba. Shule zimefunguliwa. Mama Judy ameuza magunia tisa kwa dalali wa kinu chenu, kwa elfu mbili mia saba, siyo hata ile mia nane. Alipita kwangu akienda, hakunyanyua macho. Wengine saba wamemfuata. Na kila asubuhi simu zinalia: *Meli mbili za mahindi zimekaribia Mombasa. Bei itashuka. Mkulima, uza mapema.* Jana kanisani mwanamke mmoja aliniambia mbele za watu, "Sellah, wewe umetufungia ndani na moto unakuja." Jotham, niliumia. Nilirudi nyumbani nikayagusa yale magunia moja moja, nikajiuliza kama ni kiburi changu tu.

Lakini hilo swali bado liko pale pale. Ungekuwa na jibu la kunitisha, ungelileta mbio. Wewe unapenda kunitisha kwa faida yangu. Hukulileta. Kwa hiyo sijauza, na sitauza mpaka nisikie siku ni ngapi.

Tumepata tangazo kwamba Jumamosi, tarehe moja Februari, kinu kinawaita wakulima kwenye ukumbi wa kanisa hapo Kitale, kuwaeleza hali ya dunia. Nimeona jina lako ndilo la kueleza. Nitakuja, pamoja na akina mama wote watakaopata nauli. Najua si adabu mama mkwe kumsemesha mume wa bintiye mbele za watu. Nitakupa mgongo. Lakini nitauliza.

Mama mkwe wako,
Sellah Nekesa

———

Kitale,
Jumatatu, 27 Januari 2025

Mama,

Simjui mtu mwingine anayeweza kunifanya nijifiche nyuma ya blanketi. Nisamehe kwa ukimya. Kila Jumatatu nilianza barua, na kila Jumatatu Wabwile aliondoka nikiwa bado nimeshika kalamu.

Nakuomba usije. Niulize jambo lolote, isipokuwa hilo la sita.

Jibu lake ninalijua. Nililijua siku ile ile fomu yenu ilipofika, kwa sababu niliipeleka kwa Bwana Levi nikidhani atacheka. Hakucheka. Alifunga mlango, akaniambia kuwa hesabu ya ghala ni siri ya kampuni, na anayeitoa hana kazi. Kisha akaniambia niandike ujumbe wa meli. Ule ujumbe unaolia kwenye simu zenu, Mama, ni mimi niliyeuandika. Meli zipo, sikutunga. Zimebeba mahindi ya manjano ya viwanda vya chakula cha mifugo, na hata gunia moja haliji kwetu. Hilo sikuliandika. Niliambiwa ujumbe uwe mfupi.

Mpaka Desemba nilikuwa nakushauri kwa moyo safi. Tangu hapo sijui nimekuwa nani. Nikimsikia Jepkorir akisoma kwa sauti, ananisomea kitabu nilichonunua kwa mshahara huo huo. Nyumba ni ya kupanga. Phelista ana mimba ya miezi minne, nilitaka akuambie mwenyewe. Nikisimama pale mbele na wewe ukauliza, nitafanya nini? Nikidanganya, nimemdanganya mama. Nikisema kweli, nimewatoa watoto wangu nje.

Usije, Mama. Nakusihi.

Mkwe wako,
Jotham

———

Kitale,
Jumatatu, 3 Februari 2025

Mama,

Mulembe. Najua mlifika salama. Wabwile alimwambia Phelista kwamba mliimba njia nzima.

Ulikuwa umenipa mgongo, kwa hiyo kuna mambo hukuyaona. Acha nikueleze.

Nilikuona ulipoingia. Nilijua kile kitambaa cha kijani. Nikajifanya natafuta waya wa mashine. Nikaonyesha michoro yangu ukutani, ule mstari wa bei ukishuka, ukishuka, nikataja Brazil, nikataja Chicago, na ukumbi wote, watu kama mia mbili, ukawa umeinamisha vichwa kama watu wanaosomewa hukumu. Mzee mmoja mstari wa mbele alikuwa anahesabu kwa vidole vyake. Nikafika mwisho, nikauliza kama kuna swali, nikiomba lisitoke nyuma.

Wewe ukasimama, ukageukia mlango, ukasema: "Mimi naitwa Nekesa wa Ndalu. Huyo anayeongea ni bwana ya msichana wangu, na kwetu simwangalii uso. Kwa hivyo nitauliza huu mlango. Wewe mlango, si utuambie, ghala ya kinu iko na mahindi ya siku ngapi?"

Watu walicheka, uliwasikia. Ambalo hukuliona ni kwamba Bwana Levi hakucheka. Alinyanyuka, akanipokonya kipaza sauti, akaanza kusema kwamba hayo ni mambo ya ofisi. Mkono wake mwingine ulikuwa umenishika hapa kwenye kiwiko, na kucha zake zilikuwa zinaniingia. Na wewe ukabaki umesimama. Uliangalia ule mlango kama mtu mwenye siku nzima. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimekesha nikipanga uongo mzuri, na ulikuwa tayari kabisa mdomoni.

Nikasema bila kipaza sauti: "Tisa. Siku tisa, Mama."

Walio nyuma hawakusikia, wakauliza amesema nini. Ikapita mstari kwa mstari, "tisa, tisa, amesema tisa," na ilipofika mlangoni nikaona mabega yako yakishuka. Yule mzee wa mbele aliacha kuhesabu vidole. Akavaa kofia yake, akatoka. Wengine wakamfuata. Walikuwa na mahindi nyumbani, na sasa walijua thamani yake.

Kazi sina tena. Nilipewa barua kabla viti havijapangwa. Phelista amenikasirikia tangu Jumamosi, na simu ya kwako amesema hatashika. Anasema mimi na wewe tumeonyeshana ushujaa kwa sahani ya mtoto wake. Siwezi kumlaumu. Ninaogopa, lakini kwa mara ya kwanza tangu Desemba nimelala usingizi.

Mkwe wako,
Jotham

———

Ndalu,
Jumatatu, 10 Februari 2025

Mwanangu Jotham,

Sitasema salamu nyingi. Nimesoma barua yako mara tatu na nimelia mara tatu, mimi ambaye sikulia hata nilipouza ndama. Sikuja Kitale kukunyang'anya kazi. Nilikuja kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuuliza. Ningeweza kumwuliza Levi peke yake, angenijibu kwa Kiingereza. Yote mawili ni kweli: nasikitika kwa ajili ya nyumba yako, na kesho ningesimama tena.

Mwambie Phelista ana haki ya kunikasirikia na asiharakishe kuacha. Lakini asinikasirikie na njaa. Wabwile amebeba debe la maharagwe, kuku wawili na unga tuliosaga wenyewe. Ni chakula cha bibi kwa mjukuu aliye tumboni, asikirudishe.

Wazee wa ukoo wameniita. Wanasema nimemsemesha mkwe hadharani, nitoe kuku wa kutakasa. Nimewaambia sikumsemesha mkwe, nilisemesha mlango, na kama mlango umekasirika uje kudai kuku wake. Mmoja alicheka, kesi ikaisha.

Habari ya hapa: hakuna aliyeuza tangu Jumamosi ile. Hata mmoja. Madalali walikuja Jumanne na elfu tatu, Ijumaa na elfu tatu mia tatu. Mama Judy ana magunia sita yaliyobaki, ameyahamishia nyumbani kwangu ili asijaribiwe. Yule wa kanisani ameniletea ndizi, hakusema za nini.

Sasa nahitaji kichwa chako. Sisi tunajua kukataa. Kukubali lini, hatujui. Ukaidi nao una mwisho wake, la sivyo tutabaki na magunia na sifa. Niambie ukweli wote, hata ule usionifurahisha.

Mama yako,
Sellah Nekesa

———

Kitale,
Jumatatu, 17 Februari 2025

Mama,

Mulembe. Chakula kilifika. Phelista alikiacha mlangoni saa nzima, halafu akapika kuku mmoja. Alipomega ugali akasema, "Huu unga ni wa nyumbani." Ni neno la kwanza alilotamka bila hasira. Mimi sasa napima mizigo kwenye duka la pembejeo la kaka yangu, mshahara ni nusu ya ule, na jioni narudi na vumbi la mbolea masikioni.

Umeniomba ukweli usiokufurahisha. Bwana Levi si mwongo katika kila kitu. Dunia ipo, Mama, huwezi kuifungia mlango. Msimu mpya ukivunwa Tanzania na Zambia, mahindi meupe yatakuja, meupe kama yako, na serikali ikiona unga umepanda sana inaweza kufungua mipaka. Kuanzia Mei sitakuhakikishia lolote. Anayengoja elfu sita atakuja kuuza kwa mbili.

Lakini zile siku tisa zimekwisha, na kati ya sasa na mwisho wa Machi, hakuna anayeweza kumletea Bwana Levi chakula cha mashine zake isipokuwa ninyi. Aliagiza malori ng'ambo ya mpaka, yamekuja matatu, mahindi mabichi, unyevu umepita kiasi, hayasagiki. Hili si la siri, madereva wanalisema sokoni. Ushauri wangu: msiuze kwa dalali. Msipeleke Kitale hata gunia. Aje yeye, na mizani ikaguliwe mbele yenu. Tajeni bei moja, wanawake wote, ya haki. Mimi nimepiga hesabu ya mbolea, trekta, magunia na jasho lenu, nimepata elfu nne na mia nne. Mkiipata, uzeni siku hiyo hiyo, msiongeze hata mia. Mtu akiona mnaheshimu neno lenu, atarudi mwakani.

Mwanao,
Jotham

———

Ndalu,
Jumatatu, 17 Machi 2025

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia Phelista anakula vizuri. Alinipigia jana, tukaongea juu ya nepi na majina, hatukugusa mahindi. Inatosha.

Naandika haraka, karatasi nimeiweka juu ya gunia na Wabwile anangoja na mayai yake. Bwana Levi yuko hapa. Amekuja mwenyewe, saa mbili asubuhi, na malori mawili matupu na mtu wa mizani. Ana viatu vya mjini na mvua ilinyesha jana, kwa hiyo tulimwona kwa mbali akija polepole.

Tulimkaribisha kwa heshima. Chai, viazi vitamu. Tukakaa sote, thelathini na watatu tulio bado na mahindi, na nikamtajia bei yetu, elfu nne na mia nne. Akatabasamu. Akatoa simu yake akanionyesha ule mstari wako, Jotham, niliutambua, ukishuka. Akasema, "Mama, mimi nakuelewa, lakini lazima tuongee kwa bei ya dunia."

Nikamwambia, "Sawa kabisa, Bwana Levi. Basi nenda ukanunue huko duniani."

Akacheka. Akatazama akina mama ili wacheke naye. Mama Judy alikuwa anamenya kiazi, akaendelea kumenya. Hakuna aliyecheka. Bwana Levi akasema elfu nne. Mimi nikamwongezea chai. Akasema tunapoteza muda wake, akaenda akapanda lori, akafunga mlango kwa nguvu, na dereva akawasha injini.

Hiyo ilikuwa saa tatu na nusu. Injini ilizimwa saa nne kasoro robo. Sasa ni saa saba na malori bado yapo hapo hapo barabarani, na yeye ndani, kioo kimeshushwa nusu kwa sababu ya joto. Anaongea na simu, anaikata, anaongea tena. Sisi tunapukuchua. Kuna mmoja wetu alitaka nimshushie bei hadi elfu nne na mia mbili, tuyamalize, nikamwambia akae.

Sasa hivi mlango wa lori umefunguka. Ametuma dereva aulize kama tuna choo. Tumemwonyesha. Mama Judy amemwambia dereva, "Mwambie akimaliza, bei ni ile ile."

Mama yako,
Sellah Nekesa